Bi Taratibu na Kompyuta Iliyomkataa Mkamwana

Jina la Bi Taratibu alipewa na wateja wake, na hawakumpa kwa kumsifu. Ukimpelekea kompyuta asubuhi ukitarajia kuondoka nayo mchana, ulikuwa umejidanganya. Kwanza angekukalisha. Angekuuliza mashine ilianza lini kuumwa, ilikuwa inafanya kazi gani siku hiyo, nani aliishika mara ya mwisho, na kama imewahi kuhamishwa chumba. Mteja mmoja alichoka akamwambia, "Mama, mimi nimeleta kompyuta, sikuja kuposa."

Akamjibu bila kuinua macho, "Posa ina nafuu. Mchumba anaweza kujieleza mwenyewe."

Hakuzaliwa na bisibisi mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Kompyuta zilipoletwa, wenzake watatu walipunguzwa kazi, naye akapelekwa stoo kulinda vitu ambavyo hata mwizi asingehangaika navyo: viti vya miguu mitatu, makabati yaliyopotelewa na funguo, na kompyuta zilizokufa, zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka zikaziba dirisha. Miezi miwili ya kwanza alifuma vitambaa. Mwezi wa tatu uzi ulimwishia, akachukua kisu cha kumenyea matunda akafungua kompyuta iliyokuwa karibu naye.

Yaliyokuwa ndani hayakumtisha. Taipureta yake ilikuwa na vipande vingi zaidi. Baada ya wiki chache za kuchomeka na kuchomoa akagundua jambo ambalo mafundi wa ofisi hawakuwa na muda nalo: mashine mbili zilizokufa, mara nyingi hazikufa kwa ugonjwa mmoja. Ukitoa kilicho kizima katika hii ukakitia katika ile, moja inaamka. Mwaka ulipoisha alikuwa ameamsha kumi na moja. Mkuu wa ofisi alipopata habari alikuja stoo amekunja uso, akauliza nani amemruhusu kugusa mali ya serikali. Kisha akatazama nyuma kama kuna mtu, akashusha sauti, akauliza kama angeweza kuitazama na ya kwake.

Alipostaafu aliweka meza karibu na dirisha la chumba cha mbele nyumbani kwake, akaendelea. Kanuni yake ilikuwa moja tu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na isipopona hutajua pa kuanzia tena.

Kanuni hiyo ilimwangusha mara moja, katika nyumba ya Karani.

Karani alikuwa mzee mgane aliyefanya kazi mahakamani maisha yake yote, akiandika maneno ya mashahidi. Alikuwa msafi wa kupindukia. Viatu vyake vilipangwa mlangoni ncha zikitazama nje, kalamu zake zilikaa mfukoni kwa urefu, na ukiweka kikombe mezani pasipo kisahani, angekuja kukiinua bila kusema neno. Aliishi na mwanawe wa pekee na mkewe. Mwana huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili tu: mzee na mkamwana wake.

Karani ndiye aliyenunua kompyuta alipopata mafao yake. Asubuhi aliitumia kucheza karata na kusoma barua. Mchana mkamwana aliitumia kufanya kazi. Watu walimletea sauti zilizorekodiwa mikutanoni na kwenye mahojiano, naye alizisikiliza kwa vifaa vya masikioni na kuziandika neno kwa neno. Kazi hiyo ilimpa fedha yake mwenyewe na, zaidi ya hapo, sababu ya kufunga mlango kwa saa tatu kila mchana.

Kisha kompyuta ikaanza kumkataa. Angefanya kazi nusu saa, wakati mwingine saa nzima, skrini ikaganda kama picha ukutani. Au mashine ingezima na kuwaka yenyewe, na kurasa alizoandika zikaenda na maji. Asubuhi yake, mzee akikaa kucheza karata, haina neno. Saa mbili, saa tatu, inakwenda kama saa ya ukutani.

"Mbona kwangu nzima?" Karani alikuwa akiuliza.

Mkamwana hakuwa na jibu, na mtu asiye na jibu huonekana ana kosa.

Waliitwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema ni virusi, akafuta kila kitu. Wa pili alisema ni diski, akaweka nyingine. Wa tatu aliitazama kwa dakika tano, akatingisha waya, akasema binti apunguze kuponda kibodi. Manahodha wengi, chombo kikazidi kwenda mrama. Karani akatangaza kwamba mkamwana asiiguse tena mpaka apatikane mtu wa kueleweka. Ndipo jirani akamtaja Bi Taratibu.

Alifika asubuhi na mkoba wake wa ngozi. Karani alimpokea kwa heshima, akamwonyesha mashine kama anayemwonyesha daktari mgonjwa wa heshima. Bi Taratibu aliuliza maswali yake, Karani akayajibu yote. Mkamwana alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili baba mkwe alishatangulia kujibu.

Bi Taratibu alifungua ubavu wa kasha, akashangaa. Ndani hamkuwa na vumbi hata kidogo. Kompyuta za nyumbani alizozoea zilikuwa na vumbi la kuotea mchicha.

"Mashine hii imetunzwa," alisema.

"Mimi siwezi kukaa na uchafu, fundi," Karani akajibu, na alionekana kufurahi.

Alipima umeme kwa mita yake. Kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine kilikuwa kinatoa umeme pungufu ya unaotakiwa, na feni yake ilizunguka kwa kusitasita kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Akakitoa, akaweka kingine, akapima tena. Safari hii mshale ulisimama pale pale panapotakiwa. Karani alicheza karata mpaka adhuhuri bila tatizo. Bi Taratibu akaandika katika daftari: *kisanduku cha umeme, imepona*. Akafunga mkoba, akaaga.

Siku ya tatu simu ililia. Ilikuwa sauti ya Karani.

"Fundi, siku mbili nimeitumia mimi, salama usalimini. Leo nimemruhusu mkamwana. Hata saa haikutimia, imezima. Sasa nisemeje? Nisiseme?"

Bi Taratibu alikaa na simu mkononi baada ya kukatika. Aibu ilimshika, na si aibu ndogo. Mumewe, ambaye ni mwashi, alikuwa anaosha zana zake uani. Alimweleza.

"Ulikuta ubovu, ukautoa," mume alisema. "Sasa kosa liko wapi?"

"Nilikuta ubovu mmoja nikadhani ndio wenyewe. Halafu nikajaribu mashine kwa karata, baba. Kwa karata! Na mwenye matatizo alikuwa amesimama mlangoni, sikumwuliza hata swali moja."

Mumewe akakung'uta mwiko. "Wewe una bahati. Mimi nikikosea, ukuta unapinda mtaa mzima unaona. Kosa lako lina kifuniko na skrubu nne. Nenda kafungue."

Alirudi kesho yake mchana, si asubuhi, saa ambazo mkamwana hufanya kazi. Kabla hajaweka mkoba chini alisema, "Mzee, nilikosea. Kisanduku kilikuwa kibovu kweli, lakini kuna kitu kingine, na sikukitafuta. Leo naomba nizungumze na binti."

"Muulize tu," alisema Karani, akavuta kiti akae.

"Naomba nimuulize, na ajibu mwenyewe."

Karani aliyekuwa ameshafungua mdomo aliufunga tena. Miaka mingi alikuwa amewasikia mahakimu wakisema maneno kama hayo, lakini hakuwahi kuambiwa yeye.

Mkamwana alikaa mbele ya mashine, mikono mapajani, kama mtu anayeogopa kuunguza kitu.

"Fanya kazi kama unavyofanya siku zote," Bi Taratibu alimwambia. "Usiibembeleze. Fungua kila unachofungua."

"Kila kitu, shangazi?"

"Kila kitu. Nataka izime. Nimekuja kuiona inazima."

Basi akaanza. Alifungua sauti ya mkutano mmoja, na ya pili ya kulinganisha majina, na ukurasa wa kuandikia, na kamusi, na barua za wateja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Bi Taratibu, aliyepiga chapa miaka kumi na tisa, aliviangalia na kujua papo hapo kwamba yule fundi wa tatu alisema uongo: binti huyu hakuwa akiponda kibodi, alikuwa anaipapasa tu. Dakika ya arobaini na saba skrini ikaganda, na sauti ya mtu masikioni mwake ikabaki ikirudia silabi moja kama kuku aliyepaliwa.

"Unaona!" alisema Karani.

"Naona," alisema Bi Taratibu, "na nimefurahi."

Alichomoa waya wa umeme, akafungua kasha, akaelekeza tochi ndani. Kwenye bodi kubwa kulikuwa na mifereji miwili myembamba, na katika kila mfereji kimechomekwa kijiti cha kumbukumbu, kile mafundi wanachokiita ramu. Alimwita mkamwana aje karibu, na kwa kuwa Karani naye alisogea, akawaeleza wote.

"Hii ndiyo meza ya mashine. Kila unachofungua kinawekwa hapa wakati unakifanyia kazi. Mzee akicheza karata, anatumia kipembe kidogo cha meza. Binti akifanya kazi yake, anaijaza mpaka ukingoni. Kama kuna mahali meza imeoza, mzee anaweza kukaa mwaka mzima asipaguse. Binti atapagusa kila siku."

Karani alikohoa. "Kwa hiyo ni yeye anayeizima."

"Ndiyo, mzee. Kama vile anayebeba maji ndiye anayejua ndoo imetoboka."

Akabandika karatasi ndogo kwenye vijiti, moja na mbili. Kisha akaanza taratibu zake, zile zilizompa jina. Kijiti cha kwanza peke yake katika mfereji wa juu: mkamwana akafanya kazi zaidi ya saa nzima, mashine ikawa nzito kwa sababu meza imepungua nusu, lakini haikuzima. Kijiti cha pili peke yake katika mfereji huo huo: vilevile, salama.

"Basi vyote vizima," alisema mkamwana.

"Vizima. Fundi mwenye haraka angesema hapa hakuna kitu, akaenda zake."

Akachukua kijiti cha kwanza, akakichomeka katika mfereji wa chini. Mashine ilipowashwa ikapiga milio mitatu mikavu na kugoma. Akakitoa, akasafisha meno yake kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Safari hii iliwaka, na dakika ya tisa ikazima. Akaweka kijiti cha pili katika mfereji ule ule wa chini. Dakika ya kumi na mbili.

Mkamwana ndiye aliyesema, polepole, kama anayepima joto la maji kwa kidole. "Kijiti chochote kikikaa chini kinaugua. Kikikaa juu kinapona. Kwa hiyo si kijiti. Ni mahali."

Bi Taratibu alimtazama. "Mwanangu, ulisomea wapi?"

Akainamisha tochi, akatoa kioo cha kukuzia. Ndani ya mfereji wa chini, katika meno matatu ya mwishoni, kulikuwa na kutu ya kijani, kavu, kama ile inayoota kwenye sarafu za zamani. Na kutoka hapo, juu ya bodi, palikuwa na alama hafifu ya duara, mfano wa ramani: ukingo wa maji yaliyokauka.

Ndipo akakumbuka usafi uliomshangaza siku ya kwanza. Vumbi huondoka kwa brashi au kwa upepo, lakini kwenye kona za bodi ile hapakuwa hata na chembe. Mahali hapo palikuwa pamefutwa.

Alijua tayari. Alijua pia yuko nyumbani kwa watu, mbele ya mkamwana na baba mkwe, na maneno hayana kifutio. Akasema kinachoonekana, basi.

"Maji yaliingia hapa. Si mengi. Zamani kidogo, miezi labda. Yamekula meno ya mfereji."

Mkamwana alitazama sakafu. Bi Taratibu alitoa pamba na spiriti, akaanza kusafisha mfereji, kazi ambayo alijua haitasaidia, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

"Fundi," alisema Karani.

"Naam, mzee."

"Kitambaa chenye unyevu kinaweza?"

"Kikiwa hakikukamuliwa vizuri, kinaweza."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alizungumza kama anayesoma maelezo ya shahidi, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Alisema kwamba kabla ya msimu wa mvua, siku mkamwana alipokwenda kwao kumwona mama yake, aliifungua mashine aone kulivyo ndani, akakuta vumbi, akachukua kitambaa na maji yenye sabuni kidogo. Alifuta kila mahali. Aliacha ikauke siku nzima ndipo akaiwasha, nayo ikawaka vizuri, kwa hiyo hakuona haja ya kumwambia mtu.

"Na sabuni, mzee?"

"Kidogo tu."

Bi Taratibu aliuma mdomo. Hakutaka kucheka, lakini mabega yake hayakumsikiliza.

Karani aligeuka kwa mkamwana wake. "Mama," alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, "miezi yote hii nimekuandikia kosa lisilo lako. Nyani haoni kundule. Mimi leo nimeonyeshwa langu kwa tochi."

Mtu angetarajia binti alie, au aseme yamekwisha. Hakufanya hivyo. Alisema, "Nimepoteza wateja wawili, baba." Kisha akasimama, akaenda kuanua nguo, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika. Alikaa nje muda mrefu kuliko nguo zilizokuwapo zilivyohitaji. Karani alibaki kwenye kiti, mikono juu ya magoti, na Bi Taratibu aliona ni adabu kuendelea kufuta mfereji uliokwisha kuharibika.

Spiriti haikuponya kitu. Jino moja lilikuwa limeliwa kabisa. Bi Taratibu aliwaeleza njia mbili: kuendelea na kijiti kimoja katika mfereji wa juu, mashine iwe nzito lakini isizime, au kutafuta bodi nyingine ya aina ile ile katika mashine zilizokufa. Karani alichagua ya pili kabla hajamaliza kusema. Ilimchukua Bi Taratibu siku tisa kuipata, kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, katika kompyuta ya duka la dawa iliyoungua skrini. Aliipima kijiti kwa kijiti, mfereji kwa mfereji, kwanza mezani kwake, kisha nyumbani kwa Karani, na safari hii hakuondoka mpaka mkamwana alipofanya kazi mchana mzima na kuhifadhi ukurasa wa mwisho.

Mwana aliporudi kutoka safari, mzee ndiye aliyemsimulia, tena mezani, mkewe akiwapo, bila kuruka sabuni. Mteja mmoja kati ya wale wawili alirudi baada ya Karani kumwandikia barua kwa mkono, barua rasmi yenye tarehe na aya zilizopewa namba, ikieleza kwamba ucheleweshaji haukutokana na mwandishi. Wa pili hakurudi. Mkamwana hakulisema tena jambo hilo, lakini tangu hapo saa za kazi zake zikawa zake kweli, na mzee akizungumza na simu mchana alitoka nje barazani.

Kwa Bi Taratibu mambo mawili yalibadilika. Katika daftari lake haandiki tena *imepona* siku ile ile. Anaandika *imewaka*, na neno lile lingine anasubiri wiki. Na akiitwa kwenye nyumba, baada ya salamu na kabla ya kufungua mkoba, anauliza ni nani anayeitumia mashine kuliko wote, kisha anaomba wengine watoke kidogo.

Wapo wanaokasirika. Mwenye nyumba mmoja alimwambia kompyuta ni yake, risiti ni yake, kwa nini atolewe chumbani kwake mwenyewe.

"Hutolewi, baba," alimwambia. "Unapumzishwa dakika kumi. Zamu yako ya kusema inakuja."

Akamfungia mlango kwa upole, akavuta kiti, akamgeukia msichana wa nyumba hiyo aliyekuwa amesimama karibu na pazia.

"Haya, mwanangu. Ilianza lini?"